Maili Sitini na Nane

Karatasi ilikuwa ya manjano,
nyembamba kama ganda la kitunguu.
Afisa aliiandika polepole juu ya boneti
huku upepo wa Nebraska ukitaka kumpokonya kofia.
Maili sitini na nane, alisema,
penye hamsini na tano.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja,
mtandika vitanda katika moteli ya Bi Lorraine Tvedt,
mgeni kutoka Vidin, na Kiingereza changu
kilijua shuka, taulo, sabuni, samahani.
Hakikujua meno ya bandia.
Nayo ndiyo niliyobeba, ndani ya kikombe,
kikombe kimefungwa mkanda kama abiria:
mzee wa chumba namba tisa aliyasahau
na basi lake lilikuwa linaondoka saa nne.
Nilimwonyesha afisa kikombe.
Akayatazama meno. Meno yakamtazama.
Akaendelea kuandika.

Siku ya mahakama, Septemba kumi na nne.
Siku ya ndege yangu, Septemba tisa.
Nikaikunja karatasi mara nne,
nikaichomeka kwenye kamusi,
nikajiambia bahari ni pana
na karatasi haijui kuogelea.

Inajua.

Miaka kumi na mmoja, kisha barua ya Bi Tvedt:
nyonga imevunjika, moteli inauzwa,
njoo uchague kitu kabla ya mnada.
Najaza fomu ya viza usiku, jikoni,
Plamen akichemsha maharage.
*Je, umewahi kukamatwa?*
Kusimamishwa si kukamatwa, asema Plamen.
Na kutorudi je, nauliza, kunaitwaje?
Tulibishana mpaka maharage yakaungua.

Nikapiga simu, kwetu jioni, kwao asubuhi.
Karani, jina lake Darlene, akaniacha na muziki,
akarudi na sauti ya mtu aliyekuta panya kabatini:
"Mama, una hati ya kukamatwa."
Una.
Kama vile una mafua, una wageni.
Kumbe miaka yote hiyo, nikizaa,
nikimzika baba, nikipaka dari chokaa,
kulikuwa na droo mahali fulani
ambamo bado nina ishirini na mmoja,
bado nimechelewa,
bado natoroka.

Dola mia na ishirini zilikuwa zimezaa,
watoto wakazaa wajukuu: mia nne na sita.
Dawa ya deni kulipa, sawa,
lakini waliosema hivyo hawakuwahi kupambana
na mtambo unaoikataa kadi ya Vidin
mara tatu, kwa adabu, ukikushukuru.
Nikatuma hawala. Nikaambatanisha barua
nikieleza habari ya meno, kwa neno lake sahihi.
Hakimu aliisoma mara mbili, Darlene alinisimulia,
akaifuta hati.
Faini hakuifuta.

Chicago, afisa wa mpakani alikitazama kioo chake
muda mrefu kuliko aliomtazama yule wa mbele yangu.
Kidole chake kiligonga meza, kikatulia, kikagonga.
Risiti ilikuwa mkononi mwangu, imelowa jasho.
Hakuiomba.
"Umebeba chakula?"
Nikasema kweli, maana nilishachoka na madeni,
na soseji ya Plamen ikaishia pipani.

Meno hayakuwahi basi.
Bi Tvedt anayo bado, katika droo ya mapokezi,
kikombe kilekile; anasema hajui
kitu kama hicho mtu hukitupaje.

Na leo niko barabara ileile, gari la kukodi,
mahindi kulia, mahindi kushoto.
Wameipanua. Pale aliponisimamisha
pana kibao kipya, namba kubwa: sabini.

Naendesha hamsini.
Lori la ng'ombe linapiga honi nyuma yangu,
linahama njia, linanipita,
na ng'ombe, kupitia matundu,
wananitazama mmoja mmoja.